Bango la Futi Arobaini

Mullakkadavu, 9 Julai 2023

Shemeji Hamsakoya,

Assalamu alaikum. Barua hii anakuletea Kunjalavi anayerudi kazini huko Jumanne, pamoja na ndizi za kukaanga na chupa ya achari ya embe. Ukikuta achari imepungua, muulize yeye. Mimi nilionja kabla haijafungwa.

Sisi wazima. Dada yako Suhra anakusalimu. Magoti yanamsumbua kila mvua ikinyesha, na mwaka huu mvua haijui kupumzika. Mwanetu Fahmida amefaulu mwaka wa kwanza wa uuguzi na sasa anampima presha kila anayepita barazani, hata mgeni aliyekuja kuulizia njia. Mbuzi kazaa mapacha. Mimi tumbo limeongezeka, lakini kwa kuwa suruali nashona mwenyewe, hakuna anayejua.

Najua utauliza kwa nini barua, wakati dunia nzima inaongea kwa simu. Ni kwa sababu Desemba nilikutoa kwenye kundi la familia baada ya wewe kutuma picha arobaini na moja za Wabrazili wakilia, nawe ukaapa hutapokea simu wala ujumbe wangu mpaka Kombe la Dunia lijalo. Kwenye kiapo chako barua hukuitaja. Nimechunguza.

Sasa habari yenyewe, na usishtuke, kwa sababu wa kushtuka nilikuwa mimi na nimeshamaliza. Jumatano maji yaliingia nyumbani kwa Mama yako. Kalavati la daraja dogo liliziba, kijito kikakosa pa kwenda, kikapita jikoni kwake. Maji yalifika magotini. Tulimtoa akiwa amekaa juu ya kiti, mimi mguu huu na Prajeesh dereva wa bajaji mguu ule, yeye ameshika mkebe wake wa tambuu na kutuamuru tusimtikise. Yuko kwetu, chumba cha mbele, mzima wa afya, na jiko la Suhra ameshalipanga upya mara mbili.

Maji yalipopungua, Prajeesh na vijana wake walivuta kutoka kwenye kalavati bango kubwa la plastiki, jeupe, limejaa tope na kuzongwa na vibendera vya buluu na nyeupe. Mama alikuwa anatazama. Akasema, "Ajentina hao." Basi. Tangu siku hiyo shabiki yeyote wa Ajentina haruhusiwi kukanyaga kiwanja chake, akiwemo huyo Prajeesh uliyemwachia uongozi wa chama chenu ulipokwenda Ughaibuni, ingawa ni juzi tu alimbeba kwenye kiti. Na wewe umeshaona simu yako haipokelewi. Anasema umpigie ukihama timu.

Sisi Wabrazili tumeona tusikae kimya. Tumeunda kamati ya kusafisha kijito chote, toka darajani hadi mtoni, kabla mvua za Oktoba hazijaja kumalizia kazi. Mwenyekiti ni mimi. Watu wananisifu. Nawaambia waache, ila sipazi sauti.

Shemeji yako,
Saidalavi, fundi cherehani, Katibu wa Mashabiki wa Brazili


Sharja, 29 Julai 2023

Shemeji Saidalavi,

Waalaikum salaam. Achari imefika nusu. Kunjalavi anaapa, na wewe umeshakiri. Kesi imekwisha.

Mimi mzima. Joto la huku sitakuelezea kwa sababu ninyi mna mvua na nitaonekana naomba huruma. Mgahawa unaendelea, namimina vikombe mia tatu vya chai kwa siku na mkono wa kulia sasa una misuli, wa kushoto haujui kinachoendelea. Fahmida mwambie ajipime presha mwenyewe siku ya matokeo.

Nashukuru sana kwa kumtoa Mama. Nilipopata habari nilikaa nyuma ya mgahawa kwenye makreti ya soda mpaka tajiri akaja kunitafuta. Mpe salamu zangu, na mwambie timu sihami. Aliyenipeleka uwanjani nikiwa na miaka sita ni Baba, na Baba alikuwa Ajentina. Nyumba ile alijenga mwenyewe, jiwe kwa jiwe. Simuoni Mama akikubali kukaa mahali pengine.

Nimefurahi kusikia mmekuwa watu wa mazingira. Nina swali moja dogo tu la historia. Desturi yetu unaijua, tuliianzisha mimi na wewe: timu ikitolewa, katibu wake analibeba bango begani, picha ikitazama nje, anapita katikati ya soko mpaka kwa mnunuzi wa vitu chakavu, na watani wanamfuata na ngoma. Mwaka 2010 tulibeba wote wawili, siku mbili mfululizo, wewe ukitangulia. Desemba iliyopita mlipotolewa kwa matuta na Kroatia, Prajeesh alikaa sokoni na ngoma nne tangu adhuhuri mpaka magharibi. Katibu hakutokea. Kesho yake watu wakaona mianzi mitupu pale njia panda. Bango la futi arobaini halipo.

Lilikwenda wapi, shemeji?

Hamsakoya


Mullakkadavu, 18 Agosti 2023

Shemeji,

Salaam nyingi. Tumefurahi kusikia habari za mkono wako. Huku wote wazima. Mama amenenepa, Suhra amepungua, na nadhani mambo hayo mawili yanahusiana. Mama mkwe wangu, nisiwe mwongo, ananitunza kupita kiasi. Hata humu ndani ya nyumba yangu bado ananikirimu kama bwana harusi wa jana. Asubuhi mikate ya mchele na mchuzi wa nazi, mchana samaki, na kwa majirani ananitangaza: "Mwanangu wa kumzaa yuko na wale waharibifu. Huyu wa kuoa ndiye aliyenibeba." Mtu akisifiwa hivyo anakosa pa kutazama.

Kuhusu bango letu, nilimpa mfuga bata wa Kuttanad aliyepita hapa na lori. Alihitaji kuezekea banda. Jina limenitoka.

Sasa nikueleze tulivyoanza kazi. Siku ya Uhuru tulikutana darajani saa moja asubuhi, Wabrazili wote kumi na wanne. Mwalimu Sreedharan, ambaye alistaafu kabla mimi sijaoa, alitoa hotuba ya dakika hamsini kuhusu vyura. Mwenye duka la dawa alikuja na glavu za hospitali, nyembamba, zikapasuka kabla hajafika majini. Mimi niliingia mpaka kiunoni nikavuta tairi. Tairi nalo likanivuta. Ikabidi watu watatu waache kazi wanitoe mimi. Kufikia saa tano tulikuwa tumetoa chupa za kutosha kujaza gunia, kandambili tisa, hakuna hata pea moja, na mabango mawili ya duka la simu. Hatua kumi na mbili za kijito. Kijito kina kilomita mbili na nusu.

Ukweli, shemeji, Mungu hakuwapa Wabrazili wa Mullakkadavu mabega. Sisi ni mafundi cherehani, walimu, na wagonjwa wa sukari. Wenye mabega ni ninyi: madereva, wakata mawe, wale ndugu wawili wapanda minazi. Prajeesh alikuja akasimama barabarani na watu ishirini, na makoleo, na kamba.

"Katibu," akaniita, "tuingie?"

"Mama hajaruhusu," nikamwambia.

"Sisi tunangoja tu ruhusa. Kazi tunaiweza."

"Najua."

"Najua unajua," akasema, akacheka, akawapakia watu wake kwenye bajaji wakaenda zao. Mtaa mzima unajua hakuna njia nyingine ya kufika kwenye kalavati isipokuwa kupitia uani kwa Mama. Upande wa pili ni ukuta. Na Mama nikimgusia anasema, "Hata mvua ije na mamba."

Basi ndivyo tulivyo. Mguu wangu wa kushoto bado unanuka.

Saidalavi


Sharja, 8 Septemba 2023

Shemeji Saidalavi,

Salaam. Nimechelewa kujibu. Sikuwa mgonjwa.

Hapa mgahawani wanakuja watu wengi wa Kuttanad. Nimewauliza wote. Watatu wana bata. Mwenye bango hakuna.

Jambo la pili. Wewe ni fundi, nami ni mmimina chai, kwa hiyo nisahihishe nikikosea: bango la plastiki lina pande mbili. Mbele kuna rangi na picha. Nyuma ni jeupe, liwe bango la timu yoyote. Mama macho yake yana ukungu tangu mwaka juzi. Aliliona upande gani?

Vile vibendera ni vyetu, hilo nakubali. Tulivitundika kila mti mwezi Desemba na baada ya ubingwa hakuna aliyekumbuka kuvishusha. Tulikuwa na furaha, na furaha yetu ikaenda ikalala kwenye kijito. Nimemwandikia Prajeesh kwamba hata tukiruhusiwa tuanze na vya kwetu. Lakini kibendera cha shubiri mbili hakizibi kalavati.

Mvua ya Oktoba ikikuta pale pamejaa vile vile, maji yatarudi jikoni. Umesema mwenyewe hatua kumi na mbili.

Nasubiri barua yako. Nasubiri kwa upole, kama unavyonijua.

Hamsakoya


Mullakkadavu, 21 Septemba 2023

Shemeji Hamsakoya,

Salaam alaikum. Wote wazima. Mbuzi wazima. Fahmida anasema presha yangu imepanda na ananiuliza kama nina jambo.

Ninalo. Hakuna mfuga bata.

Nimeandika mstari huo nikaamka, nikashona mikono ya kanzu mbili ambazo hazikuwa na haraka, nimerudi. Sasa nakueleza, na ukicheka cheka polepole.

Ile asubuhi baada ya Kroatia, tulipotoka msikitini, wanachama walinizunguka wakiwa na nyuso za matanga. Nikawaambia, "Ninyi nendeni nyumbani. Bango nitalishughulikia mimi peke yangu." Wakaniona shujaa. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshasikia Prajeesh anakaza ngozi za ngoma. Nina miaka arobaini na tisa, shemeji. Mwaka ule wa 2010 nilikuwa na kiuno. Nilijiona napita sokoni na lile jitu la njano begani, watoto niliowashonea sare wanapiga miluzi, na yule muuza samaki ambaye miaka yote ananiita "mabingwa mara tano" amekaa ananingoja. Miguu ikakataa.

Nikachukua mkasi wangu wa kitambaa, nikalikata kutoka kwenye mianzi, nikalikunja, nikaliweka kwenye toroli na kulifunika majani ya mbuzi. Nililisukuma mpaka daraja dogo, nikapitia uani kwa Mama alipokuwa amelala, nikalisokomeza chini, kwenye ule ukingo wa juu wa kalavati. Kijito wakati huo kilikuwa chembamba kama uzi. Nikasema fainali ikipita, watu wakisahau, nitalitoa. Fainali ikapita, mkashinda ninyi. Aibu ikawa mpya. Nikasema baada ya Ramadhani. Baada ya Ramadhani zikaja sare za shule, mia mbili na kumi. Nikasema baada ya sare. Baada ya sare ikaja mvua.

Ile Jumatano, nilipokuwa nimeshika mguu wa kiti cha Mama ndani ya maji, nilikuwa najua. Nataka ujue hilo. Sikugundua baadaye. Nilikuwa najua pale pale, na yeye ananiambia, "Pole pole mwanangu, utaumia mgongo."

Niliunda kamati kwa sababu hiyo. Nikaingia majini kwa sababu hiyo. Nilifikiri nikisafisha vya kutosha, lile litakuwa limelipiwa bila kusemwa. Lakini haliendi hivyo, kwa sababu wenye uwezo wa kusafisha wamefungiwa nje kwa kosa langu, na mimi ndiye mwenye ufunguo na nimeumeza.

Mama amesema Oktoba kumi na sita anarudi kwake, mvua inyeshe isinyeshe. Amechoka kulala kwenye nyumba ya mkwe hata kama mkwe ni dhahabu. Ndiyo neno alilotumia. Mimi nikasogeza sahani.

Niambie la kufanya. Au mwambie wewe, kwa maneno yako, wewe ni mwanawe.

Saidalavi


Sharja, 30 Septemba 2023

Shemeji,

Waalaikum salaam. Nimecheka polepole kama ulivyoagiza. Nilipofika kwenye "hakuna mfuga bata" nilimwagia mteja chai.

Nilijua tangu Julai kumi. Prajeesh alinitumia picha siku aliyolipeleka lile bango kwao akalisuuza. Chini ya tope lilikuwa njano kama kiini cha yai, na pembeni lina pindo lililoshonwa mara mbili. Niambie, katika wilaya nzima ya Malappuram, nani mwingine anapiga pindo mara mbili kwenye plastiki ya kutupwa? Hata uharibifu wako ni wa fundi bora.

Nilimuuliza kwa nini hasemi. Akasema, "Tukisema sisi, watu watasema ni maneno ya Ajentina. Na yule ni mkwe wa ile nyumba. Tukimvunjia heshima pale, tutakuwa tumeshinda nini? Tumngojee. Atasema." Watu ishirini wamenuniwa na mama yangu kwa miezi mitatu, kila mmoja anajua, na hakuna aliyefungua mdomo hata kwenye kibanda cha chai, ambako watu husema mpaka wasiyoyajua. Nawe ukanijibu na bata.

Nilikasirika. Ndiyo maana Agosti sikuandika. Nilikuwa na barua tatu nimezichana. Moja ilikuwa nzuri sana, ningekutumia ungelia.

Sitamwambia Mama. Nikimwambia mimi, atasema namsingizia mtu aliyembeba, na simu yangu haitapokelewa mpaka siku ya kiama. Hili si la kubebwa na mtu mwingine. Barua hii nimempa Alavikutty anayeruka leo usiku, atakufikia kesho. Ukimaliza kuisoma ikunje, uende chumba cha mbele. Usianze na vyura.

Hamsakoya


Mullakkadavu, 22 Oktoba 2023

Shemeji Hamsakoya,

Assalamu alaikum. Mama mzima, Suhra mzima, Fahmida mzima, mbuzi mmoja ana kikohozi. Mimi ni mzima kiasi, utaona.

Alavikutty alifika tarehe mosi saa tisa. Nilisoma barua mara mbili, nikaikunja, nikaenda msalani, nikarudi, nikaenda chumba cha mbele. Mama alikuwa anakata popoo.

"Mama," nikasema, "lile bango la kwenye kalavati halikuwa la Ajentina."

"La nani?"

"Letu."

"Letu nani?"

"Brazili."

"Brazili nani?"

"Mimi, Mama. Nililisokomeza mimi Desemba ili nisipite nalo sokoni."

Akaendelea kukata. Alikata popoo nzima. Kisha akapaza sauti, "Suhra, mumeo ana homa?" Suhra akajibu kutoka jikoni kwamba hapana, na kwamba yeye pia ndiyo kwanza anasikia, na sauti yake, shemeji, tutaizungumzia siku nyingine.

"Prajeesh anajua?" Mama akauliza.

"Anajua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ile alipolisuuza."

Ndipo mkono ukasimama. "Yule mtoto amenisalimia kila asubuhi hapo barabarani," akasema. "Kila asubuhi. Na mimi nageuza uso." Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alivaa shali, akaniambia nimpigie Prajeesh aje na bajaji, na aliponiona nataka kupanda naye akasema, "Wewe una miguu."

Nilifika nyuma yao, nahema. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya nyumba ya Prajeesh, mama yake Prajeesh amemshika mkono, na wanagombana kuhusu nani aombe radhi.

"Kwa nini hukuniambia, mwanangu?"

"Mama, ningesema ungeniamini?"

Mama akafikiri. Ni mtu mkweli, unamjua. "Hapana," akasema. "Ungekula fimbo."

"Basi nimeokoa fimbo."

Kisha akanigeukia mimi. Hukumu ilikuwa fupi: Jumapili, desturi. Miezi kumi imechelewa lakini haijafa. Nikajaribu kusema bango limeshachakaa. Prajeesh akaingia nyuma ya nyumba akatoka nalo limekunjwa vizuri, kavu, halina hata doa. "Tumekutunzia, katibu," akasema. Angeniosha mimi namna ile nisingezeeka.

Basi tarehe nane nilipita sokoni. Lote halibebeki wazi na mtu mmoja, kwa hiyo Wabrazili wenzangu kumi na watatu walijipanga nyuma yangu wakalishika, Mwalimu Sreedharan mwishoni kama mkia, picha ikitazama nje. Ngoma hazikuwa nne, zilikuwa tisa. Muuza samaki alisimama tu akaweka mkono kifuani kama wimbo wa taifa unapigwa. Kwa mnunuzi wa vitu chakavu hatukusimama. Mama alisema njia iendelee mpaka uani kwake, na ngoma zote, na Ajentina yote. Alikuwa ameshafika, amefungua lango la nyuma mwenyewe, ameshika mkononi kigingi cha kulifungia.

"Piteni," akasema. "Wenye mabega watangulie."

Nakwambia sijaona kazi kama ile. Wapanda minazi walijifunga kamba wakaingia ndani ya kalavati, wakatoa matope, matawi, godoro, choo cha kukalia ambacho hakuna anayekubali kukifahamu. Ajentina walianza na vibendera vyao kama ulivyoagiza, wanavihesabu kwa sauti, na Wabrazili wanawapigia makofi kila mia ikitimia. Walifika mia saba. Sisi tulipewa kazi za umri wetu: kupokea, kubeba, kumzuia Mwalimu asihutubu. Tarehe kumi na tano tulirudi tena, wakaja hadi wale watatu wa Ureno ambao siku zote wanajitenga. Tumefika mtoni. Kilomita mbili na nusu, shemeji, na maji yanaonekana chini.

Mabango yote tuliyotoa, thelathini na moja, yako dukani kwangu. Nashona mifuko ya kupandia mboga, kila nyumba ya kando ya kijito mitano. Nimevunja sindano ishirini. Nyumba moja imepata mfuko wenye picha ya kiatu cha namba kumi wenu, wanaotesha bamia. Tumekubaliana pia, vyama vyote, kwa maandishi: kombe lijalo mabango yatakuwa ya kitambaa, na nitashona mimi bila malipo. Prajeesh aliongeza kipengele kwamba katibu wa Brazili asiachwe peke yake na toroli.

Mama alirudi kwake tarehe kumi na sita. Hajaniita mwanangu tangu siku ile. Ananiita "Saidalavi," jina zima, kama karani wa halmashauri. Nakula nyumbani kwangu, alichopika mke wangu, na mke wangu hana haraka ya kupika.

Alhamisi ikaja mvua yenyewe, saa kumi alasiri, na radi. Sote tulikimbilia kwa Mama bila kuitana. Prajeesh na watu wake, mimi, Suhra, tumepanga foleni kwenye baraza ya jikoni tunatazama kijito kama matuta ya fainali. Maji yalipanda. Yakawa mekundu, yakajaa mpaka ukingo wa ua. Kisha yakaanza kupita. Yalipita chini ya daraja yote, kwa kelele, uani halikuingia hata tone.

Mama akaomba simu ya Suhra. Akasema, "Nipigieni Hamsa." Alipokupata hakukusalimu, ulisikia mwenyewe, alinyoosha tu mkono na simu kuelekea majini. Tulisimama hivyo dakika nne. Sote tulikusikia unasema "haloo, haloo," kisha ukanyamaza, kisha ukasema mtandao mbaya, ukakata.

Mtandao wa huku, shemeji, ulikuwa na nguvu, mistari yote imejaa. Niliangalia.

Kwaheri. Mama ananiita, jina zima.

Saidalavi


Sharja, 3 Novemba 2023

Shemeji Saidalavi,

Waalaikum salaam. Mimi mzima. Ndizi zimeisha.

Mtandao ulikuwa mbaya. Uliza mtu yeyote wa Sharja.

Mama amenipigia tena jana, peke yake. Timu hakuitaja. Tuliongea kuhusu kikohozi cha mbuzi muda mrefu kuliko kikohozi chenyewe. Mwisho nikamuuliza habari zako. Akasema, "Yule mwanangu? Anakonda. Mwambie Suhra amlete kesho, nitapika." Nakuandikia hili kwa sababu mbele yako hatakiri upesi. Ukienda, jifanye huna habari. Kwa kujifanya una kipaji.

Tajiri amekubali likizo yangu. Ni Aprili, siku arobaini. Miaka mitatu sijaona mvua wala bango.

Nina ombi moja kwa kamati, nalo liwekwe kwenye maandishi yenu pamoja na toroli. Huko kijito kinakotokea, kabla ya daraja, kuelekea kwenye mashamba ya mpunga, najua bado hamjagusa. Pasafisheni kama mnavyotaka, lakini msimalize. Niachieni kipande. Hatua kumi na mbili zinatosha.

Hamsakoya